Tangi la Bwana Utepe

Jumatatu, tarehe 2

Mjukuu wangu, mke wangu mdogo niliyeporwa na mji,

Kaa chini kwanza. Leo asubuhi mimi babu yako, kwa mkono mmoja, nimesimamisha msafara wa mgombea wenye magari kumi na mawili!

Haya, usianze kutangaza huko kazini. Magari yalikuwa matatu, na yalisimama kwa sababu la mbele lilipata pancha mlangoni kwangu. Mimi nilishika spana. Dereva akaniambia, "Mzee, sogea, unaziba mwanga." Lakini nilishika.

Mgombea mwenyewe unamjua. Ni yule aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati ulipokuwa darasa la sita, mpenda mikasi, mpaka nikambatiza Bwana Utepe. Amenona. Shingo imehama, vimebaki kichwa na mabega. Alinipa mkono bila kunitazama, na kipeperushi juu yake. Nikavaa miwani. Darasa la nne nililisoma mara mbili, kwa hiyo kusoma najua kuliko waliolipita mara moja.

Kimeandikwa hivi, nanakili: "Tangi la zahanati, lita elfu ishirini, alilolisimamia mwenyewe, halijavuja hata chozi la sisimizi kwa miaka kumi na moja. Mchague ajenge mengine manne."

Tangi langu! Nililolijenga kwa mikono hii! Nikasoma kwa sauti, kuku wakasikia. Kisha nikasoma mara ya pili, nikaanza kuwashwa. Maneno yale yana kasoro. Tena "chozi la sisimizi" ni msemo wangu mimi, sijausikia kinywani mwa mtu mwingine tangu nizaliwe. Kuna punda ameniibia.

Wewe uko huko kwenye kiwanda cha kuchapa kalenda, lazima unawajua wanaochapa na vipeperushi. Niulizie punda huyo ni nani. Nataka kumpelekea salamu kwa bakora.

Andika kwa kalamu, maana simu zenu huko kazini zinakusanywa kwenye kikapu kama mayai, na yangu imezama kwenye ndoo ya chokaa.

Babu yako,
Fundi Tangi


Alhamisi, tarehe 5

Babu, shikamoo.

Nimecheka mpaka wenzangu wakaniuliza nani ameniposa. Nimewaambia ni mzee mmoja mwenye kitambi na meno ya kuhesabu.

Kuhusu kipeperushi, mbona umekasirika? Si wewe uliyekuwa ukiniambia kila nikikuletea chai kwamba tangi lako halijavuja hata chozi la sisimizi? Uliniambia mpaka nikaliota. Sasa mtu akiandika hivyo hivyo, kosa lake nini? Huenda aliyeandika si punda. Huenda ni mtu tu aliyeamini alichoambiwa na mtu anayemheshimu.

Yaache, babu. Uchaguzi utapita kama mafua. Na tafadhali usibishane na watu wa kampeni, wale hawana utani.

Hapa kazi ni nyingi. Kalenda za mwaka ujao zimeanza mapema.

Dawa unakunywa? Usinijibu kwa mzaha.

Mjukuu wako


Jumapili, tarehe 8

Mke wangu mdogo,

Dawa nyeupe nakunywa. Za njano ni chungu, nazitazama tu.

Umeniuliza kosa liko wapi. Sogea karibu nikuambie jambo ambalo hata bibi yako alikwenda kaburini bila kulijua.

Tangi halijavuja, hiyo ni kweli, naapa. Halijavuja kwa sababu halijawahi kuwa na maji! Hata siku moja. Chungu kisichoinjikwa kitaunguzaje wali?

Bomba la kuleta maji kutoka kwenye chemchemi lilikuwa lije. Siku ya kukata utepe ikafika, bomba halijafika. Viti vimepangwa, wageni wako njiani, Bwana Utepe anatoka jasho mpaka ndani ya soksi. Akaniita pembeni: "Fundi wangu, bomba linakuja wiki ijayo. Tusiaibike mbele ya wageni."

Nikaona, wiki moja ni kitu gani? Nikaingia ndani ya tangi kupitia kile kitundu cha juu. Enzi hizo nilikuwa mwembamba, bibi yako akianika nguo alinihesabu pamoja nazo. Nikakaa gizani na madumu kumi na manne ya maji, faneli, na mpira niliouchomeka kwenye njia ya kwenda kwenye koki. Nje makofi, ndani namimina. Mgeni wa heshima akafungua koki, maji shwaaa! Vigelegele! Halafu Bwana Utepe, koki ikiwa wazi, akaanza kuhutubia dakika ishirini juu ya kutunza maji. Mimi humo namimina huku namtukana yeye na ukoo wake kimoyomoyo. Dumu la mwisho lilikuwa nusu aliposema, "Kwa hayo machache..."

Nikatoka nimelowa, wakaniita Fundi Tangi, na mpaka leo naitika. Ile wiki ijayo bado haijaja.

Sasa sikiliza kinachoniwasha. Mkunga wetu, yule aliyehamia hapa miaka sita iliyopita, amefunga kamba ya nguo kwenye baraza la zahanati, nguzo hadi nguzo. Kila dai la kila mgombea linatundikwa pale. Kibanio cheupe maana yake kweli, chekundu uongo, cha njano nusu. Sheria yake ni moja: ukibana, taja kazi yako na useme unajuaje. "Nimesikia" haipiti, anakurudisha ukakae kama mtoto wa chekechea. Mjukuu wangu, pale barazani kuna raha kuliko mpirani! Mgombea mmoja alidai alikwenda shule pekupeku miaka saba. Fundi viatu akasimama: "Viatu vyake nilishona mimi, jozi mbili kila mwaka, na vya pili vilikuwa vya kuchezea." Nyekundu! Watu wakalia kwa kucheka.

Lakini dai la tangi Mkunga alilibana chekundu, wakamrukia. "Wewe hukuwepo! Sisi tuliona maji yakitoka, na tuliyanywa!" Na kweli waliyanywa. Wakaweka cheupe kando ya chake. Muuza nyama, mpiga debe mkuu wa Bwana Utepe, akaongeza kwamba tangi liliachwa limejaa, wauguzi ndio waliolikausha kwa uzembe. Sasa inazungushwa karatasi, watu watie sahihi Mkunga ahamishwe. Huyu anayezalisha wanawake wanaokuja na uchungu mgongoni na dumu la maji mkononi!

Wanaoijua siku ile ni wawili tu, Bwana Utepe na mimi niliyekuwa tumboni mwa tangi. Jumamosi anakuja kujibu mbele ya kamba. Mimi nitakaa nyuma nifunge domo. Nikisema, Fundi Tangi atabaki nani? Tapeli mwenye faneli. Ila chakula hakishuki.

Punda umempata?

Babu yako


Jumatano, tarehe 11

Babu, shikamoo.

Punda ni mimi.

Kalenda niliziacha miezi minne iliyopita. Niko ofisi ya kampeni ya Bwana Utepe, naandika vipeperushi na hotuba zake. Sikukuambia kwa sababu ungenicheka, halafu ungemwambia fundi baiskeli, na fundi baiskeli ni redio.

Walitaka kitu cha kusema kuhusu zahanati. Nikakumbuka maneno yako, nikayaandika kama yalivyo, tena kwa fahari. Babu, nililia nilipoona yamechapwa. Kwenye rasimu nilimuuliza mwenyewe maji yanatoka chanzo gani. Akanirudishia karatasi na maelekezo pembeni, nikafanya alivyosema. Sikujua. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuhisi harufu, na nikaziba pua.

Sasa nisikilize. Niko kwenye majaribio hadi uchaguzi. Baada ya hapo kazi ni yangu, na nimemwahidi mama nitamchukua aje akae nami, aache kupanga kwa watu. Ukisimama Jumamosi, Bwana Utepe atatafuta mtu wa kumtupia, na mtu huyo anakaa meza ya dirishani, anakunywa chai kwenye kikombe cha bluu.

Jumamosi kaa nyumbani, babu. Nakuomba kwa magoti.

Mjukuu wako


Alhamisi, tarehe 12

Babu,

Hii naiandika nimesimama, posta wanafunga.

Leo mkuu wa kampeni ameniletea kazi: kipeperushi kipya kinachosema Mkunga ndiye aliyeua tangi. Amenipa mpaka saa kumi. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Nimeandika "Mkunga", nikafuta. Nimeandika tena, nikafuta. Saa kumi imefika, nimemwambia tumbo linaniuma.

Sahau niliyokuandikia jana. Ndani ya bahasha utaona ile rasimu. Soma pembeni, wino wa kijani, mwandiko wake mwenyewe: "Achana na mambo ya bomba. Sema halivuji, inatosha. Hakuna atakayeuliza."

Fanya utakavyoona. Mungu aipe miguu bahasha hii ifike kabla ya Jumamosi.

Mjukuu wako


Jumamosi, tarehe 14

Mke wangu mdogo,

Barua yako ya kuniomba nikae nyumbani niliipata jana. Nikakaa nyumbani. Nilikaa kabisa, mpaka saa tatu na dakika tano.

Nikajiambia, naenda kutazama tu. Nikavaa kofia ili nisijulikane. Kila niliyempita alinisalimu.

Baraza lilifurika, watu hadi juu ya ukuta. Bwana Utepe kaketi kwenye kiti cha daktari. Muuza nyama akasimama na karatasi yake ya sahihi, sitini na mbili, akamgeukia Mkunga: "Mama, sheria ni yako. Useme unajuaje. Siku ya utepe ulikuwepo?"

Mkunga akasema, "Sikuwepo." Akanyoosha mkono, akakitoa kibanio chake chekundu kwa mkono wake mwenyewe. "Sheria ni sheria," akasema, akakiweka mfukoni.

Mjukuu wangu, miguu yangu ilisimama bila kuniomba ruhusa.

"Mimi ni mwashi," nikasema. "Naomba chekundu. Najua kwa sababu maji mliyoyanywa siku ile niliyamimina mimi, nimekaa humo ndani na faneli!"

Unadhani walishtuka? Walicheka! Mwanamke mmoja akasema, "Babu, na ule mwaka uliomkaba chui, ulikuwa na faneli?" Ubaya wa kusema uongo miaka sabini ni huu: siku ukileta kweli sokoni, huna mteja. Bwana Utepe naye akacheka kwa upole, akanishika bega. "Mzee wetu huyu ni hazina. Nimpende vipi?"

Nikamwambia, "Nipende kwa kupanda ngazi." Nikawageukia watu. "Nilipomimina dari la tangi, niliegemeza nguzo za mbao chini yake lisidondoke. Mwashi huzitoa zege likikauka. Mimi sikuzitoa. Nilisema nitazitoa bomba likifika. Mbao kumi na tisa zimo humo, kavu kama zilivyotoka dukani. Hebu mniambie, lita elfu ishirini zilikaa wapi?"

Muuza nyama akasema anapanda yeye, ili anifunge mdomo mara moja. Akapanda. Kichwa kikaingia kwenye kitundu, mabega yakagoma. Tukasubiri. Kikatoka kichwa kimejaa utando wa buibui, na sauti ndogo sana kwa mtu wa ukubwa ule: "Mna mbao humu, kavu." Akapangusa utando puani. "Na faneli."

Lo! Zahanati ilitikisika! Watu wanapiga ukuta wa tangi kwa ngumi, linavuma kama ngoma. Mwanamke wa chui akanijia, akanipigia saluti.

Bwana Utepe akangoja kelele zipungue, maana si mjinga. Akasema mambo ya mbao ni ya fundi, yeye aliambiwa bomba liliungwa baadaye, akaamini. "Na hayo maneno ya kipeperushi sikuandika mimi. Yaliandikwa na kijana mmoja wa ofisini. Atachukuliwa hatua."

Moyo wangu ulianguka, nikausikia ukifika chini. Nikasema, "Aliyeandika hakuwepo siku ile. Mkasi alishika nani?" Wakashangilia, lakini mimi sikushangilia.

Mkunga hakubabaika na kelele. Alisema halijavuja ni kweli, halina maji ni kweli, na juu ya kama Bwana Utepe alijua, neno langu ni moja na lake ni moja. Akabana cha njano. Watu wakaguna. Mimi pia niliguna, lakini huyo ndiye mkunga ninayetaka anizalishie vitukuu.

Halafu akachukua karatasi mpya, akaandika, "Fundi Tangi: tangi langu linatoa maji." Akanipa kibanio chekundu. "Na wewe, mzee." Nikajibania mwenyewe, mbele ya watu wote. Kilikuwa kizito kuliko tofali.

Sasa, mjukuu wangu, kama umefukuzwa, niliyekufukuza ni mimi. Uliniomba kwa magoti, nikakuruka. Nitukane kwa barua ndefu. Usinyamaze tu.

Babu yako, mwashi


Jumanne, tarehe 17

Babu,

Nimefukuzwa jana, saa mbili na nusu asubuhi. Walinipa dakika kumi nikusanye vitu vyangu. Nina sweta na kikombe, kwa hiyo zilibaki dakika tisa, nikazitumia kunywa chai yao na kumaliza biskuti.

Nilikuwa nimekukasirikia kwelikweli. Nilidhani una karatasi yangu mfukoni na hukuitoa. Barua yako nimeisoma mara tatu kabla sijaelewa: hukuipata! Niliituma Alhamisi, baada ya ile ya magoti. Ulisimama mikono mitupu, huku ukijua itanigharimu, na huku ukijua hawatakuamini?

Sijui nikubusu au nikuchape.

Mama nimemwambia. Akasema, "Huyo ni baba yangu kabisa," sijui kama ni sifa au laana.

Bahasha ikifika, itundike. Taja jina langu, na kazi: mwandishi wa kile kipeperushi. Ninajuaje? Niliuliza, nikajibiwa.

Mjukuu wako


Jumamosi, tarehe 21

Mke wangu mdogo usiye na kazi,

Bahasha yako ilifika Jumatatu, ikakaa posta hadi jana kwa sababu karani alidhani nimekufa. Nani alimwambia, nitamjua.

Niliisoma hapo hapo kaunta, wino wa kijani na yote. Nikakimbia! Haya, nilitembea kwa haraka, lakini kofia ilianguka na sikuiokota. Mkunga alikuwa na mgonjwa, akaniambia subiri, nikasubiri nikirukaruka kama mtoto anayetaka kwenda chooni. Akaja, akaisoma, akaiweka kando ya tangazo la zamani la kamati lenye mwandiko na sahihi ya Bwana Utepe, akalinganisha herufi moja moja. Kisha akaitundika bila kibanio cha rangi, akampelekea Bwana Utepe ujumbe: "Karatasi yako iko kwenye kamba. Njoo uijibu."

Leo asubuhi amekuja. Hatukumtegemea. Amesoma pembeni pale kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyo. Mkunga akamnyooshea chekundu akamwambia, "Ni lako, bana mwenyewe." Akakitazama. Akasema, "Mwandiko unafanana na wangu." Akapanda gari akaenda zake.

Unajua aliyebana? Muuza nyama! Alisimama, akatoa kofia ya kampeni. "Mimi ni muuza nyama. Najua kwa sababu nilichungulia, na kwa sababu rangi ya ile kalamu naijua." Akabana. Kisha akachukua ile karatasi ya sahihi, akaigeuza upande wa nyuma, akaandika juu: "Wachimba mtaro wa bomba." Amewaambia wale sitini na mbili kwamba sahihi ni sahihi, Jumatatu waje na majembe. Wapo wanaolalamika, lakini mistari ya mtaro imeshapigwa chokaa, nimeipima mimi.

Kura ni kesho. Anaweza kushinda, watu ni watu. Lakini vipeperushi vyake vipya havina tangi, na yale mengine manne yameyeyuka. Na wagombea wote watatu sasa wanaapa kuleta bomba. Mkunga ametundika viapo vyao vyote bila kibanio, ameandika tarehe tu.

Jina lako lipo pale kambani, nilibandika kama ulivyosema. Watu wanasimama wanalisoma. Mkunga ameniuliza kama unajua kuandika rejesta ya wagonjwa vizuri kama unavyouliza maswali. Sikumjibu, mimi si mshenga wako.

Ninachotaka ni kidogo. Unakumbuka darasa la tano, ulipovunja kioo cha dirisha la mwalimu mkuu? Nilisema ni mimi, nilikuwa namrushia kunguru jiwe. Nilipaka chokaa ukuta wa shule siku tatu kwa ajili yako, hukuwahi kunilipa, na sijawahi kukudai. Leo nakudai. Zile mbao lazima zitoke kabla maji hayajaja, na kwenye kile kitundu mimi siingii tena, muuza nyama ndiyo usiseme. Wewe umekonda kwa chai ya watu. Njoo Jumapili ijayo, uingie, unitolee mbao zangu. Ngazi nitakushikia mimi.

Babu yako